Nilijiandaa Kuona, Sikujiandaa Kuulizwa

Mwezi uliopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu kutoka Muheza. Amechaguliwa kwenye kikundi cha vijana watakaokwenda Ujerumani kwa wiki tatu, na swali lake lilikuwa moja tu: "Dada, nibebe nini?" Nikamtajia sweta mbili, koti la mvua na plagi ya kubadilishia chaja. Simu ilipokatika nikaona sijamwambia kitu. Sweta ataazimwa hukohuko. Yaliyonitoa jasho mimi hayakuwa ya kwenye begi. Basi nayaandika, yawe yake na ya yeyote aliyeshika barua ya mwaliko mkononi akidhani safari imeshaiva.

Mimi nilikwenda Juni 2023, nina miaka 17, niko kidato cha tatu. Tulikuwa vijana tisa wa Tanga na walezi wawili, tukakaa siku 19 Eckernförde, mji mdogo wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, kwenye Bahari ya Baltiki. Mji ule na Tanga ni marafiki tangu 1963, wakati bibi yangu alikuwa msichana wa miaka 15. Kila mmoja wetu alipangiwa familia yenye kijana wa rika lake, na mwaka unaofuata wao ndio waje kwetu.

Barua ilifika Januari. Mama akakaanga visheti akawagawia majirani barabara nzima, maana Ngamiani, mtaani kwetu Tanga, habari njema hailiwi peke yake. Kuanzia siku hiyo kila niliyemwamkia aliniuliza naondoka lini, na mimi hata pasipoti sina. Ningeweza kurudi nyuma, visheti vingesubiri viza.

Tatizo lilikuwa herufi mbili. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Mwanahamisi; shule yote tangu darasa la kwanza inanijua Mwanamisi. Nyumbani ni jina lilelile, hakuna aliyewahi kuona tofauti. Kwenye karatasi ni watu wawili. Barua ya mwaliko ilimwita Mwanamisi, kwa sababu shule ndiyo iliyopeleka orodha. Mama akaenda kwa wakili kula kiapo, shule ikaandika barua, waandaaji wakaombwa watume mwaliko mwingine wenye jina la cheti. Wiki tano zikaisha hivyohivyo. Kama unasoma hapa na una matumaini ya kusafiri siku moja, leo jioni toa cheti cha kuzaliwa, ripoti ya shule na kitambulisho cha mzazi, uviweke pamoja mezani, usome herufi moja moja. Usisubiri mwaliko.

Halafu sahihi ya baba. Aliye chini ya miaka 18 hasafiri kwa ridhaa ya mama peke yake ikiwa wazazi wote wawili bado wana haki ya malezi. Wote watie sahihi. Baba yangu anaishi Wete, Pemba. Yeye na mama waliachana nikiwa mdogo, na mpaka siku ile nilikuwa sijasema naye miaka mitatu. Hapakuwa na ugomvi, ni ukimya uliokua mpaka ukawa mkubwa kuliko sisi. Nilikaa na simu mkononi tangu alasiri hadi magharibi kabla ya kubonyeza. Alipopokea nikasema, "Shikamoo baba," nikashindwa kuendelea. Akasema, "Marahaba mwanangu. Sema shida yako." Sikupenda kwamba alijua ni shida. Lakini alikuwa na haki.

Karatasi zilikwenda Pemba kwa mkono wa mtu, zikarudi baada ya siku 11, zimetiwa sahihi, na katikati yake amekunja shilingi elfu hamsini. Nikalia. Mama akazichukua zile pesa akaziweka kwenye bahasha ya safari bila kusema neno. Nayasema haya kwa sababu wengi wetu tuna mzazi mmoja aliye mbali, na hakuna orodha ya nyaraka inayokuonya kwamba itabidi uanze na moyo wako kabla ya kuanza na wakili.

Gharama nazisema wazi. Pasipoti ilikuwa shilingi 150,000: fomu 20,000, na 130,000 iliyobaki baadaye. Viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ujerumani na nchi nyingi za Ulaya, wakati ule ilikuwa yuro 80. Tangu Juni 2024 ni yuro 90. Hapa kuna jambo tulilolijua tumeshalipa. Kanuni za viza hiyo zinawasamehe ada wawakilishi wa asasi zisizo za kibiashara wenye miaka 25 kushuka chini, wanaokwenda kwenye shughuli ya utamaduni, michezo au elimu iliyoandaliwa na asasi ya namna hiyo. Barua yetu ilisema "ziara ya kirafiki" na basi. Waombeni waandaaji waandike wazi wao ni nani, shughuli ni ya nini, na nyinyi mnatumwa na nani. Sentensi tatu. Kwa vijana tisa ilikuwa yuro 720, na katika kikundi chetu alikuwamo ambaye mama yake aliuza cherehani.

Bima ya safari ni lazima, na iwe ya kufikia angalau yuro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Sisi tulibakiwa na siku 24, kwa ajili ya zile herufi mbili. Lazima uende Dar mwenyewe, uchukuliwe alama za vidole. Tuliondoka na basi la alfajiri, Segera, Chalinze, Dar, tukarudi usiku uleule kuokoa hela ya kulala. Nauli mara mbili, ya kwangu na ya mama. Chakula tulibeba.

Katikati ya pilika hizo ikaja fomu nyingine, fupi, ya familia itakayonipokea. Unapenda nini, unaogopa mbwa, una dawa unazotumia, kuna chakula usichokula. Hapo kwenye chakula nikaacha wazi. Sikusahau. Niliogopa kuonekana msumbufu kabla hata sijafika. Nilijiambia watu hawa wananipa kitanda na mlo wa bure, nami nianze na masharti? Kwetu mgeni hachagui.

Tulishuka Hamburg na nikawa nimeshafanya kosa jingine bila kujua. Mama alinifungia machungwa ya Muheza, msimu wake ulikuwa ndio huo, na chupa ya samli aliyoichemsha mwenyewe iliki ndani. Vyote vikabaki kwa watu wa forodha. Kutoka nje ya Ulaya huruhusiwi kuingiza nyama wala kitu cha maziwa, na matunda karibu yote yanataka cheti cha afya ya mimea. Yanayopita bila cheti ni machache, kama nazi, ndizi, nanasi na tende. Samaki mkavu anapita. Ningejua ningebeba ng'onda na nazi. Yule ofisa alikuwa mpole, lakini nilipomwona akiitumbukiza ile samli kwenye pipa nilihisi kama kamkatalia mama yangu mkono.

Familia yangu walikuwa baba, mama, msichana wa rika langu na paka. Walikuja na maua kituoni. Nyumbani, yapata saa moja jioni, jua bado liko juu kama saa tisa, wakaandaa mezani mkate, siagi, jibini, matango na sahani ya nyama zilizokatwa nyembamba, za rangi ya waridi. Nikala mkate na tango. Nilidhani ni cha kufungulia kinywa, chakula kinakuja. Mama mwenyeji akaniuliza kama nitaongeza. Nikasema hapana, ahsante, kama nilivyofunzwa, maana ukikubali mara ya kwanza unaonekana mlafi. Mwenye nyumba atakushurutisha, nawe utakubali mara ya tatu. Hakunishurutisha. Alisema sawa, akafunika mkate, wakaondoa vyombo. Ndicho kilikuwa chakula cha usiku.

Siku mbili nilishinda hivyo. Asubuhi mkate, jioni mkate, na kila nyama niliogopa kuiuliza. Usiku wa pili tumbo liliniuma, nikalala nimekumbatia magoti, nikiamini hawa watu hawanipendi. Siku ya tatu yule msichana mwenzangu akanikalia kitandani akasema, kwa Kiingereza chetu cha kuchechemea sote wawili, "Mama anadhani hupendi chakula chake. Anahuzunika." Mimi nikilia njaa upande huu wa ukuta, yeye anahuzunika upande ule.

Nikamwambia yote. Nguruwe sili, na sikuandika kwa kuona haya. Kesho yake mama mwenyeji akanichukua bandarini, akanunua kisanduku cha mbao chembamba, akakifungua pale pale kwenye benchi. Ndani vimejipanga visamaki vidogo vya kukaushwa kwa moshi, vinang'aa kama shaba. Vinaitwa Kieler Sprotten, kwa jina la Kiel, mji mkubwa wa jirani, lakini watu wa Eckernförde watakwambia ni vyao. Wana hata usemi wao kwamba Eckernförde ndiko wanakojua kuigeuza fedha kuwa dhahabu, maana samaki anaingia jikoni mweupe anatoka wa dhahabu. Unamla mzima, kichwa na mkia. Nilikaa pale nikala kama niko Deep Sea, kwa wavuvi wetu Tanga, asubuhi boti zimeingia. Yeye alitazama tu, hakusema kitu, akaenda kununua kisanduku cha pili.

Kwa hiyo fomu ijaze. Kila kisanduku. Na ukiulizwa kama umeshiba, jibu la kweli ndilo adabu ya kule. Kukataa kwa heshima hawakujui. Ukisema hapana wanakuheshimu kwa kuliamini neno lako.

Sala nayo nilikuwa nimeiwaza kwa ramani ya Tanga. Juni kule magharibi inaingia karibu saa nne usiku, na weusi wenyewe hauji mpaka kunakucha. Anga linabaki na mwanga upande wa kaskazini. Nilikuwa nasubiri isha huku nasinzia, halafu asubuhi naamka macho mekundu. Siku ya tano ndipo nilipompigia ustadhi wetu. Akanikumbusha ruhusa za msafiri, kupunguza na kukusanya, na jinsi ya kukadiria nyakati usiku usipotimia giza. Dakika nne za simu. Ningemuuliza kabla ya kupanda ndege.

Baiskeli nilijiona fundi, mtoto wa Tanga nimezaliwa juu ya mlingoti wa baiskeli. Kule kuna njia yake, ina rangi yake, na mwenda kwa miguu akisimama humo anapigiwa kengele kwa hasira. Siku ya kwanza nilisimama humo kupiga picha. Fundishwa alama kabla hujapewa baiskeli, si baada.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Sebuleni kwa wenyeji wangu kulikuwa na gogo refu la paka kukwarulia kucha, limezungushiwa kamba. Nilipoligusa vidole vikalijua kabla ya kichwa. Katani, nyuzi za mkonge. Nikauliza, wakasema ndiyo, sisal. Dirishani palikuwa na vyungu vitatu vya maua madogo ya zambarau, majani yana manyoya laini. Mama mwenyeji akasema, kwa furaha kabisa, "Haya ni ya kwenu! Usambaraveilchen." Mjerumani mmoja aliyekuwa mtawala huku, Saint Paul, alipeleka mbegu kwao mwaka 1892, na ua likachukua jina lake kwenye vitabu. Limezagaa madirishani Ulaya nzima. Mimi nimezaliwa kilomita chache kutoka Amboni, milima ya Usambara naiona kutoka Muheza, na ua lile nililiona kwa mara ya kwanza kwenye dirisha la Ujerumani.

Siku ya nane ilikuwa zamu yetu shuleni kwao. Tulikuwa tumejiandaa sana: ngoma ya mdumange tuliifanyia mazoezi miezi mitatu, vikoi, picha za Raskazone na mapango ya Amboni. Nami nilipewa dakika kumi za historia. Nikasema reli ilianzwa kujengwa Tanga mwaka 1893. Nikasema vita vya Tanga vya Novemba 1914, na nyuki waliowavamia askari. Nikasema mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani, Hindorf, na katika miche yote iliyosafirishwa ilipona 62. Nilisema vizuri, kwa sababu ni ya kwenye daftari. Wakapiga makofi.

Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayetaka kuelewa. "Na watu wako? Wakati Wajerumani wanapanda mkonge, na baada yao Waingereza, familia yako walikuwa wanafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Nilisimama mbele ya darasa zima, mikono imeshika kanga, na kichwani mna reli na nyuki na miche 62. Nikasema, "Walikuwa wakulima." Niliona amejua kwamba nimekisia. Mwalimu akaniokoa kwa kuita ngoma.

Usiku ule nikampigia Bibi. Kwao saa tano inakaribia, akapokea kwa hofu akidhani nimefikwa na jambo. Nikamwambia, "Bibi, baba yako alikuwa nani?" Akanyamaza. Nikadhani simu imekata. Kisha akasema, "Mbona hukuuliza siku zote hizo umelala mgongoni kwangu?"

Baba yake alikuwa Muha wa Kasulu. Manamba. Aliondoka kwao kijana, kwa miguu, treni na lori, kuja kukata mkonge Tanga, kwa mkataba ambao kwao walidhani ni wa muda mfupi. Alikuwa na kipande chake, kadi yenye visanduku 30, kila siku ya kazi unapigiwa alama. Ukikosa kumaliza kipimo, siku haihesabiwi, na mshahara unangoja hadi visanduku vyote vijae. Mwiba wa mkonge ulimpofua jicho la kushoto. Mkataba ulipoisha hakurudi. Alioa huku, akasilimu, akazaliwa Bibi, na watoto wakalelewa Waswahili wa Ngamiani. Kasulu hakwenda tena. Bibi alisema, "Alikuwa anaona haya kurudi na jicho moja na mikono mitupu."

Nilijua idadi ya miche iliyopona baharini. Jina la baba wa bibi yangu sikulijua. Anaitwa Ntahondi, nami nimelala chumba kimoja na binti yake miaka 17.

Siku ya mwisho tulipoagana pale shuleni niliomba dakika tano, nikasimulia haya, bila picha. Yule kijana alikuwepo. Baadaye alinijia akanishika mkono, hakusema lolote la maana, wala mimi. Lakini jioni hiyo mama mwenyeji alikaa muda mrefu karibu na gogo la paka, akiishika ile kamba.

Nimwambie mdogo wangu la kanga pia, kwa haraka. Nilinunua doti kwa ajili ya mwenyeji siku moja kabla ya safari, nikaangalia rangi tu. Alipoifungua akaniuliza imeandikwa nini. Jina lake lilikuwa "Nyamaza tu, yako nayajua." Nikashindwa kumtafsiria uso kwa uso; nikasema ni maneno ya busara. Uongo ule uliniuma kuliko tumbo. Soma kanga kabla hujailipia, na chagua maneno utakayoweza kuyaeleza kwa moyo mweupe.

Na pesa. Nilikwenda na yuro 120, nyingine za mama, nyingine za baba. Nilirudi na yuro 4 na begi la chokoleti, kwa sababu nilihesabu ndugu 31 wa kuwaletea. Chokoleti ikayeyuka Dar. Waliokosa walinuna mpaka Mfunguo Mosi. Ningejua, ningewaambia mapema kwamba naleta picha na habari, nikawanunulia watu watatu tu: Mama, Bibi na Baba. Baba nilimletea kisu cha kuparia samaki. Nikampelekea mwenyewe, Wete.

Mwaka uliofuata mwenzangu akaja. Tulimlaza chumba changu na Bibi. Mama nilimkalisha mapema nikamwambia, huyu akisema ameshiba ameshiba kweli, naye akanijibu hawezi kumlaza mtoto wa watu na njaa, akampakulia tena. Wali wa nazi ukashinda. Tukampeleka Amboni akaoneshwa mapango, akaoneshwa na mashamba ya mkonge, mistari imenyooka hadi inapotea macho.

Usiku wa tatu umeme ulikatika, tukakaa barazani, na mwenzangu akamuuliza Bibi kuhusu baba yake. Bibi alizungumza karibu saa mbili nami nikitafsiri, Kiswahili kwenda Kiingereza, na mengine nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza pamoja na mgeni. Mwishoni akaimba kidogo, kitu ambacho baba yake alikuwa akikiimba akinoa kisu cha mkonge. Kilikuwa Kiha. Mwenzangu akanigeukia, akangoja.

Nilimuuliza Bibi maana yake. Akasema yeye aliyashika maneno tu, maana hakuambiwa. Nimeyaandika kwenye daftari kama alivyoyatamka, na ninatafuta mtu wa Kasulu wa kunisomea.